Ndengu Nilizopanda Juu ya Kaburi Lako

Baba,

Nilipanda ndengu juu ya kaburi lako, na baada ya siku arobaini nikazing'oa zikiwa bado na maua. Naanza na hilo kwa sababu najua Mama ameshakuja hapo kunishtaki, tena kwa sauti, na shangazi wakamfuata nyuma kuongeza chumvi. Ni kweli, nilifanya. Nilitoboa mashimo kwa kidole kutoka kichwani kwako mpaka miguuni, nikatia mbegu, nikamwagilia. Kama kuna mtu anayestahili kujua sababu ni wewe, na kama kuna mtu wa kulaumiwa, basi pia ni wewe, kwa hivyo tulia nikueleze. Leo huwezi kunikatiza. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Unakumbuka siku niliyokueleza kazi yangu? Ulikuwa umekaa kwenye kigogo unasokota kamba ya mbuzi. Nikakuambia kuna bakteria wazuri ambao huingia kwenye mizizi ya ndengu na kunde, wakajenga vinundu vidogo, na humo ndani wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Nikakuambia mkulima wa bakteria hao hahitaji gunia la mbolea, anapaka mbegu tu na kupanda. Ulinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yako, halafu ukasema, "Kwa hivyo, mama, ng'ombe wangu wawili walienda ukasomee wadudu." Uliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yako, Igoki, na uliniita hivyo hata ukinitukana.

Lakini wadudu wangu sikuwanunua popote. Niliwatoa kwenye mzizi wa kunde moja iliyojiotea karibu na maji ya bwawa, hapa hapa Kiambere, ule mwaka jua lilimaliza kila kitu na kunde hiyo ikabaki kijani peke yake kama haijui wenzake wamekufa. Nilibeba mzizi huo mpaka maabara yetu Embu mjini na nikawalea bakteria wake kwenye sahani na chupa kwa zaidi ya mwaka. Kati ya wote tuliokuwa nao, hao ndio pekee waliovumilia joto la udongo wetu. Mahali nilipowatoa, usisumbuke kuniuliza, pamechimbwa mchanga na malori mpaka pakawa shimo.

Mkubwa wangu, Daktari Mwenda, ni mtu wa Ruiri ambaye hata chai tamu haisifu. Yeye mwenyewe alisema wanastahili kujaribiwa shambani. Wakifaulu, watatengenezwa kwa wingi wapelekewe wakulima wa kwetu kukavu, na mimi nitamalizia masomo yangu juu yao. Wakishindwa, mradi unafungwa. Tulihitaji shamba la Kiambere, na mimi, mjinga, nikasema baba yangu analo.

Nilipanda mistari kumi na sita kwa mkono wangu. Minane ya upande wa ule mti wa mugumo nilipaka mbegu zake ule unga mweusi wenye bakteria, nikautia maji ya sukari ili ushike. Minane ya upande wa barabara haikupakwa kitu. Nilikueleza mara tatu, Baba, mara ya tatu kwa Kimbeere cha kumwelezea mtoto: hii minane ndiyo ya kulinganisha, lazima ikae na njaa, hata ikigeuka manjano iache, maana bila njaa yake hatuwezi kujua kama shibe ya hii nyingine imetoka kwa bakteria. Ulitikisa kichwa. Ukasema, "Nimeelewa, mama." Nikakuachia pakiti moja ya unga nyumbani, kama mvua ingesomba mbegu tulazimike kurudia, nikarudi mjini na moyo mweupe.

Halafu ikaja siku ya wakulima. Unajua vile nilivyoingoja. Viti vya kanisa vilipangwa chini ya turubai, watu wakaja na pikipiki kutoka kote, wengine mpaka kutoka Runyenjes, mbuzi akachinjwa. Nilishuka nikatazama shamba. Mistari yote kumi na sita ilikuwa kijani. Yote! Daktari Mwenda alichimba mizizi upande huu, akachimba upande ule, akapasua vinundu, ndani vyote vikawa vyekundu, rangi ya bakteria wanaofanya kazi. Akavipeleka watu waone. Kisha akashika maikrofoni na kusema kwa ile sauti yake ya kusoma kalenda kwamba hakuna tofauti. Akaeleza kwamba inaonekana bakteria hawa wamejaa tayari kwenye udongo wa huku, na si haki kumuuzia mkulima kitu anachokanyaga kila siku.

Nilikuwa nimesimama kando ya turubai. Miaka yangu yote ilikuwa inazikwa kwa maikrofoni. Na wewe, Baba, ukainuka bila kuitwa, ukavua kofia, ukasema, "Wageni mmesikia wenyewe. Shamba la mzee huyu halina upande mbaya." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ukanitazama huku umefungua meno yote. Niliona mzee anayecheza ngoma juu ya maiti ya kazi ya mtoto wake. Sikula hiyo nyama. Nilipanda boda boda na sikukuaga.

Mradi ukafungwa, kama tulivyoambiwa ungefungwa. Friji letu lilitakiwa na watu wa utafiti wa viazi, nikaagizwa nitoe vitu vyangu. Ningeweza kuficha chupa moja. Kila mtu huficha chupa moja, Baba, hata wanafunzi wa mazoezi hujua kufanya hivyo. Lakini mimi nina hasira zako. Nilizitia zote kwenye mashine ya mvuke, nikafunga kifuniko, nikakaa hapo nikisikiliza ikichemka mpaka nikawa na hakika hakuna hata bakteria mmoja aliyebaki hai. Nilijisikia vizuri kwa muda wa saa moja hivi.

Ulinipigia simu. Sikushika. Ukapiga tena kwa simu ya Mama, na sikushika pia. Miezi miwili baadaye kisukari kikakula ule mguu wako mbovu, wakakuleta hospitalini Embu mjini, wodi ambayo kutoka maabara yetu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, dakika saba ukikata njia ya sokoni. Ulilala hapo wiki mbili. Njeru, ndugu yangu, alikuwa anakesha na wewe, na kila siku alinipigia: "Mzee anakutaka. Ana kitu anataka kukuambia." Nami kila siku nilisema kesho. Nilijua unachotaka kusema. Ulitaka nikusujudie, nikubali kwamba shamba lako lilikuwa na akili kuliko shule yangu. Siku moja nilifika mpaka langoni na ndizi mkononi, nikakumbuka yale meno, nikageuka. Ndizi nilimpa askari wa lango. Ulikufa kesho yake asubuhi nikiwa naosha vyombo vya watu wa viazi.

Tulikuzika ulipotaka mwenyewe, kando ya barabara, katikati kabisa ya ile mistari minane ya kulinganisha. Sikulia sana. Watu waliona na wakasema, najua walichosema.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikuwa na Mama nyuma ya nyumba tukisugua masufuria ya watu kwa majivu. Mama akaanza kukusifu, vile wajane hufanya. Akasema, "Baba yako alikupenda wewe kuliko hawa wengine. Wale watoto wako wa manjano, wale wa barabarani, aliamka kila asubuhi kabla ya jua kuwanywesha. Alichukua unga wako akakoroga na sukari, akaenda akimimina kwenye shina moja moja kwa kikombe. Punda alienda bwawani mara mbili kwa siku kwa ajili yao. Alisema hataki Igoki aaibike mbele ya wageni."

Sufuria ilinitoka mkononi. Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka Mama akaita majirani.

Haki ya Mungu, ulifikiria nini? Hapana, usijibu, najua. Mama alinieleza yote jioni hiyo nilipotulia. Wiki ya tatu ile mistari minane ilianza kukauka rangi, na ilikuwa barabarani, na watu wakitoka kanisani Jumapili walisimama kukuuliza kama uzee umekuingia mikononi. Wewe! Mtu anayenyoosha mistari ya mahindi kwa kamba! Halafu kulikuwa na wageni wanakuja, na mtoto wako ndiye mwenye shughuli. Hukuweza kulala na mmea wenye njaa kwenye shamba lako. Hakuna mkulima wa Mbeere angeweza. Kwako shamba lililofaulu ni shamba la rangi moja kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, na mtu aliposema kwa maikrofoni kwamba hakuna tofauti, ulisikia unasifiwa. Ulisikia tunasifiwa, wewe na mimi. Hukuwa unanicheka. Ulikuwa unanionyesha.

Uliniua kwa kikombe cha maji ya sukari. Bado nimekasirika ninapoandika hivi, kalamu inatoboa karatasi.

Sasa sikiliza sehemu ya kaburi. Kama Mama alisema kweli, basi bakteria wangu hawakushindwa. Walishinda pande zote mbili, na huenda walikuwa bado wamo kwenye udongo wa mistari hiyo, ndio pekee waliobaki duniani, maana nilidhani pakiti yote uliimalizia humo. Dawa yake ni kupanda ndengu hapo tena, zikiota wao wenyewe huingia kwenye mizizi, unang'oa, unapasua kinundu, unawatoa. Tunaita kutega. Lakini Njeru hakuningoja. Mvua iliyofuata alijaza shamba lote muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, akatia samadi, akapiga dawa za wadudu kila wiki. Nilitega katikati ya muguka wake. Nilipata vinundu vichache, vyeupe ndani, bakteria wavivu wanaokula kwa mmea bila kufanya kazi. Hakupanda mahali pamoja tu, hapo ulipolala. Na vijana waliokuzika walikuwa wamekwangua udongo wa juu wa mistari ile minane wakaurundika juu yako.

Njeru alikuwa tayari ameleta simenti na vigae akujengee kabla ya ibada ya kumbukumbu. Nilimwomba angoje msimu mmoja. Akasema, "Ulikataa kumwona akiwa hai, sasa unataka kumlima." Alitupa koleo akaenda zake, ndiyo ilikuwa ruhusa.

Unajua kwetu chakula hakioteshwi juu ya mtu. Hata mboga ikijiotea hapo, watu huing'oa na kuitupa mbali, na hakuna anayeipa mbuzi. Nilijua nikipanda. Mama aliacha kuniongelesha. Chakula changu aliniwekea kwenye sahani ya wageni, na chai akanimiminia bila kuniangalia usoni. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba, wakaomba wakiwa wamenigeuzia mgongo. Nilikuja kutoka mjini kila Jumamosi nikapalilia kaburi lako kwa mikono, na watu wanaopita wakavuka upande wa pili wa barabara. Ndengu ziliota vizuri, Baba. Ziliota vizuri mno. Nikaanza kuogopa.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nusu yangu ilitaka vinundu viwe vyeupe. Vikiwa vyeupe, ningesema Mama alitunga hadithi kunifariji. Ningesema kweli ulinicheka siku ile, na mimi nilikuwa na haki ya kusema kesho, kesho, kesho. Ningepoteza bakteria wangu lakini ningebaki na hasira yangu, na hasira ilikuwa imeshanizoea.

Nilipiga magoti upande wa miguu yako nikang'oa mmea wa kwanza. Mzizi ulikuja na vinundu vinene vimejipanga karibu na shina. Nilipasua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Nikapasua cha pili na cha tatu, nikaendelea kupasua vingine nisivyohitaji, nikitafuta kimoja cheupe. Hakikuwepo. Nilikaa hapo kwenye udongo na kucha zangu nyekundu nikajua kwamba ulimimina kile kikombe kweli, asubuhi baada ya asubuhi, ukiinama na ule mguu mbovu. Nilipiga kelele kiasi kwamba mbuzi wa jirani walikimbia.

Nilivipeleka Embu kwenye barafu. Daktari Mwenda alinipa kona ya meza bila maswali, na kwake hiyo ni huruma kubwa. Bakteria hawa hukua polepole, huwezi kuwaharakisha. Siku ya nane wakatokeza kwenye sahani, vitone vidogo vyeupe, wale wale. Tukapanda ndengu kwenye vyungu vya mchanga uliochemshwa, nusu na bakteria wako na nusu bila. Za bila ziligeuka manjano. Za kwako zilisimama kijani. Safari hii nilifunga mlango wa kibanda kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni.

Mradi umefunguliwa tena. Daktari aliniuliza bakteria hawa tuwaite nani, kwa sababu aliyewagundua ndiye hupewa nafasi hiyo, na nadhani alitarajia nitaje jina lako. Nimewapa namba.

Ningeishia hapo, Baba, ningekuwa nimekuambia kwamba tulikoseana, mimi na wewe, tukafidiana. Lakini wiki iliyopita Njeru alirudi na simenti yake kukujengea. Nilimsaidia kuchota maji. Hatukuwa tumeongea tangu ile siku. Akiwa anakoroga mchanga, bila kuinua kichwa, akaniuliza kama niliwahi kuipata pakiti yangu.

Nikamuuliza, pakiti gani?

Akasema wodini hukuwa na neno lingine. Ulimaliza nusu ya ule unga kwenye mistari, na nusu iliyobaki uliifunga kwa nailoni ukaiweka ndani ya chungu cha maji kilichovunjika mdomo, nyuma ya kitanda, mahali pa baridi, kwa sababu niliwahi kukuambia wanakufa kwa joto. Kila siku ulimwambia, "Mwambie Igoki aje achukue watoto wake kabla hawajafa." Njeru alidhani kisukari kimekupanda kichwani. Aliona aibu kunipa ujumbe wa namna hiyo kwa simu, akanipa tu ule wa kwamba unanitaka.

Nilienda kwa Mama mbio, nikiwa na simenti miguuni. Mama alifagia chumba chako siku ya tatu baada ya mazishi, mimi nikiwa hapo hapo uani. Godoro alilichoma. Kwenye chungu alikuta kitu cheusi ndani ya nailoni, akadhani ni dawa ya panya, maana unga wako aliuona tu ukiwa umekorogwa kikombeni, akakitupa chooni.

Walikuwa hai, Baba. Kwa ubaridi ule walikuwa hai wiki zote mbili ulizolala, na walikuwa hai nilipokuwa langoni na ndizi. Dakika kumi. Nisingehitaji kukulima.

Njeru amemaliza kazi, vigae vimekaa vizuri, hakuna kitakachoota hapo tena. Mama ameanza kunijibu salamu. Msimu huu tumepanda upya upande wa juu wa boma, na mistari minane iko na njaa kama inavyotakiwa. Nakuahidi itabaki hivyo mpaka mavuno hata kama kijiji kizima kitanicheka, na Mama nimemwambia akiigusa nitamzika kando yako. Alicheka kidogo. Sijui nitaweza lini kukusamehe, na kukuomba msamaha sithubutu, maana wa kunipa hayuko. Lala, Baba. Ulinitunzia, na mimi sikuja.

Mtoto wako uliyemwita mama,
Igoki